Tope la Mafunjoni

Shuleni mwalimu alituchorea bahari ubaoni: juu tabaka la mwanga, chini yake nusu giza, chini kabisa giza tupu, ambako samaki huwaka taa zao wenyewe na kumezana. Alisema kila tabaka lina wenyewe. Darasani hakuna aliyewahi kuiona bahari, lakini sisi watoto wa Kahendero hatukushangaa sana. Ziwa letu halina kina, upondo mmoja unagusa tope karibu kila mahali. Matabaka yetu yamelala, yanaanzia ufukweni kwenda mbele, na wenyewe wanaua vilevile.

Kwanza ni mwaloni, wanawake wanapopasua samaki na korongo wanapopigania matumbo. Kisha mafunjo, marefu kuliko mtu. Maji ya humo ni meusi, tope lake linanuka yai viza, na miruba inakunywa damu kabla hujasikia maumivu. Ngege, samaki wetu wa kila siku, huingia humo kulea vifaranga wao, kwa hiyo kamongo, yule samaki mrefu anayepumua hewa, hujificha humo kuwala, na meno yake yanakata kidole cha mtu. Viboko hulala humo mchana. Ukishayapita mafunjo ndipo unapofika maji ya kijani, na hayo yanaendelea mpaka macho yachoke.

Ukijani huo ni chakula. Kiboko anakula nyasi nchi kavu usiku, mchana anajisaidia ziwani, mavi yake yanakuza ule ukijani, ngege anaula, nasi tunamla ngege. Mtu akiniambia viboko wauawe wote waishe, namwambia anyamaze, hajui anachokula. Kiboko ndiye anayetulisha. Ndiye pia aliyemtafuna kaka yangu.

Sheria inasema kuvua ni kwenye maji ya kijani tu. Mafunjoni ni marufuku, kwa kuwa ndiko samaki wanakozaliwa. Ni sheria nzuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na fimbo zake, maana wanaoisimamia ni wanajeshi wa doria. Na ngege wa maji ya kijani wamepungua, wakati kamongo wa mafunjoni ana soko. Mimi niliolewa Bwera, na huko nawauza waliokaushwa kwa moshi katika soko la mpakani, Mpondwe. Mteja wangu mmoja, mama wa Kongo, hunusa kwanza, kisha anauliza, "Hii iko ya mu majani? Ya mu majani ndiyo iko na mafuta." Akijibiwa siyo, anaiweka chini na kwenda zake.

Mafunjoni wanaume huvua kwa kupiga maji. Wavu unatandazwa pembeni, mmoja anasimama mtumbwini na rungu, anayatandika maji kwa nguvu zake zote mpaka samaki watoke mbio na kunasa. Kaka yangu alikuwa na bega la kazi hiyo. Doria walishamkamata mara moja. Afande wao alimpiga nyayo kwa kasia lake mwenyewe, akamtafunisha vifaranga vya ngege vibichi, na magamba yake. Akamwambia akirudia ataingia jela. Kaka alirudi nyumbani anatapika magamba, na miguu ilipopona akarudi mafunjoni. Ukaidi kwetu ni wa damu.

Siku ya kuumwa kwake nilikuwa nimetoka Bwera kuchukua mzigo wa samaki. Mwenzake alimleta mwaloni asubuhi, anapiga kasia huku analia. Kaka alikuwa ameyapiga maji mahali alipolala kiboko jike na ndama wake. Jike lile liliuma kwanza mtumbwi, kaka akatumbukia topeni, kisha likamuuma paja. Nyama ilikuwa imefunguka mpaka nikaona mfupa, na damu ilikuwa imejaa mtumbwini. Nilivua kitenge changu nikamfunga juu ya jeraha, nikapiga kelele watu watafute gari la kwenda hospitali Kasese.

Mama yetu, aliyekuwa hapo akipasua samaki, hakutazama jeraha. Alitazama miguu ya kaka, iliyopakwa tope jeusi mpaka kiunoni.

"Hatoki hapa na hii tope," alisema.

Nilimwelewa, na ndiyo maana nilimchukia. Barabara ya kutoka kijijini inapita kwenye kibanda cha doria. Mtu aliyeumwa kwenye maji ya kijani ni mtu wa ajali, anapita. Aliyeumwa mafunjoni ni mhalifu, anashikiliwa kwanza aandikwe maelezo. Jirani yetu aliyeng'atwa mkono alishikiliwa hivyo tangu asubuhi, na jioni akatolewa amefunikwa shuka. Nikamwambia mama kwamba huyu naye anatufia mikononi. Alinizaba kofi ambalo magamba yake yalinibaki shavuni. Kisha akamtuma yule mwenzake arudi ziwani, apite mafunjo, ajaze madumu kwa maji ya kijani ya katikati.

Tulingoja. Maji yalipofika, mama alimsugua kaka kwa gunia kama anayesugua sufuria. Alimng'oa miruba mmoja mmoja. Alimchokoa kucha kwa kisu cha samaki. Na kwa kuwa tope lilikuwa limeingia mpaka ndani ya jeraha, alilipanua kwa vidole na kuyamimina humo yale maji ya kijani. Kaka aliuma kamba ya nanga, akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu wala mnyama. Mama hakuacha mpaka maji yaliyotiririka yakawa mekundu bila weusi.

Gari lilipatikana, na kibandani tulimkuta afande yuleyule. Alipanda nyuma ya gari akamtazama kaka.

"Hii imetoka wapi?"

"Katikati, afande," mama akajibu.

Aliinama akamkagua kucha. Akanusa. Kisha akapeleka mkono nyuma ya goti la mguu mzima, akabandua mruba mnene tuliousahau. Aliutupa chini akaukanyaga kwa buti, na damu ya kaka yangu ikaruka kwenye saruji. Mama alifumba macho.

"Imetoka katikati," afande akamwambia kijana wake mwenye kalamu. "Fungua njia. Haraka."

Mchana huohuo alishuka mwaloni, akauchoma mtumbwi wetu, akampiga yule mwenzake kaka mpaka meno yakatoka. Ni mkono uleule. Nimejaribu kumchukia moja kwa moja nimeshindwa, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Hospitalini mguu ulioza, wakaukata juu ya goti. Daktari alisema maji machafu yaliingia ndani sana. Mama akamuuliza ni maji yapi, ya kijani au meusi. Daktari akasema haiwezekani kujua, mdomo wa kiboko peke yake una uchafu wa kutosha kuozesha mguu. Mama hakuridhika. Aliwauliza wauguzi wote, akamuuliza na mwanamke anayepiga deki.

Sasa kaka ana mtumbwi wa kuazima. Hasimami tena, anakaa juu ya kreti la soda, anayapiga maji mafunjoni, na bega bado ni lile. Nimegombana na mama kwa sababu hiyo. Nimemwambia yeye ndiye pekee anayeweza kumkataza. Kila asubuhi kabla kaka hajatoka, mama anachemsha maji ya kisima yenye chumvi, anayapoza, anayajaza kwenye dumu, anafunga mdomo wa dumu kwa nailoni. Kisha anakwenda kuketi nalo mwaloni mpaka mtumbwi urudi. Siku moja nilimuuliza kwa hasira hayo maji ni ya nini.

"Hii haikutoka ziwani," alinijibu, akiliwekea mkono. "Siku ingine nitamuosha na hii."