Sikuota Mkia

Mpunga unapoanza kutia maziwa una harufu yake, na aliyewahi kulala katikati yake haisahau. Ni tamu kidogo, ya uji uliopoa, imechanganyika na tope na umande, na alfajiri ilikuwa inapanda hadi juu ya dungu letu kabla ukungu haujaiachia milima ya Udzungwa. Watu huniuliza nilisomea wapi utunzi wa hadithi. Wanategemea nitaje chuo. Nawajibu kwamba nilisomea juu ya dungu, katika bonde la Kilombero, nikiamia ndege shambani kwa mama yangu. Wanacheka. Na wacheke, maana hata hapo zamani walianza kwa kucheka.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwanzoni. Kila mpunga ulipokaribia kukomaa, Ifakara ilibaki na wagonjwa, walinzi na kuku, sisi wengine tukahamia bondeni na sufuria zetu. Dungu ni kichanja kirefu cha miti, kina ngazi na paa la nyasi, na juu yake unaliona bonde lote limetandazwa, dungu hapa, dungu kule, kila moja na watu wake. Baba alikwisha kufa, kwa hiyo dungu letu lilikuwa la watu wawili, Mama na mimi. Tulikuwa na kombeo, tulikuwa na madebe yaliyofungwa kwenye kamba, lakini silaha kubwa ilikuwa koo. Kwelea kwelea hawana subira wala huruma. Ukinyamaza muda wa kumeza mate tu, kundi zima limeshatua jarubani. Basi tangu kunakucha mpaka jua linazama watoto wa bonde zima tulikuwa tunapiga kelele, "Hoyaa! Hoyaa!" mpaka sauti zinakauka.

Dungu lilikuwa na kazi nyingine pia. Enzi hizo hakuna aliyekuwa na simu bondeni, kwa hiyo habari zilipita kwa mdomo kutoka dungu hadi dungu. Fulani kajifungua. Fulani kafiwa, wanaume wakachimbe kaburi. Viboko wameingia shamba la chini, washeni moto. Aliyesikia alimpigia wa mbele yake, na wa mbele yake akapeleka mbele, mpaka habari ikafika kwenye kingo za mto. Habari ya dunguni haikuwa na mzaha, kila mtu aliiamini. Hadithi zilikuwa kitu kingine kabisa, zilikuwa za usiku, kando ya mafiga, baada ya kula. Mchana zilikuwa mwiko. "Ukisimulia hadithi mchana utaota mkia," Mama aliniambia zaidi ya mara moja, na alikuwa hatanii hata kidogo.

Mimi niliichoka hoyaa. Jamani, kutwa nzima hoyaa! Nikaanza kuwafukuza ndege kwa sentensi. Kwanza niliwatukana, kisha nikawauliza maswali, na asubuhi moja, bila kukusudia ubaya wowote, nikapaza sauti: "Ng'ambo ya Kivukoni kuna mama anaitwa Bi Sikujua! Shambani kwake ndege hawali! Akipiga mluzi mmoja wanahamia kwa jirani!" Ndege waliruka, tena waliruka vizuri kuliko siku zote. Nikaongeza kitenge chake cha kijani, nikaongeza kibanda chake cha mabanzi. Dungu la pili lilikuwa la Mama Otilia, mwanamke mwenye sauti ya kengele ya kanisa. Kwa kuwa ilikuwa mchana, na kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili zake asimuliaye hadithi mchana, aliipokea kama habari na kuipeleka mbele. Kila dungu likatia chumvi yake. Habari ilipotufikia tena kutoka upande wa pili, Bi Sikujua alikuwa na mzizi kiunoni na alikuwa anawagawia dawa wanaokwenda na jogoo.

Hapo ndipo alipoingia Baba Mdogo Kalisti, mdogo wake marehemu baba. Ndege walikuwa wamemtesa kuliko watu wote. Hakumuaga mtu. Alifunga jogoo kwenye keria ya baisikeli, akaenda hadi Kivukoni, akavuka kwa pantoni, na ng'ambo akaanza kuulizia. "Namtafuta Sikujua." Wakamwuliza, "Hukujua nini?" Akasema, "Sikujua!" Wakasema, "Sasa kama hujui, sisi tutajuaje?" Alizunguka vijiji vya kule siku nzima akiulizana na watu namna hiyo. Aliporudi, jogoo bado anaye, na jaruba lake la chini limebaki mabua matupu.

Akaifuatilia habari dungu kwa dungu mpaka ikamfikisha kwetu. Nilimwona akija na nikashuka haraka. "Shikamoo, Baba Mdogo." Hakuitikia. Aliyekulia kwetu anajua uzito wake, mkubwa kukunyima marahaba ni sawa na kukuambia wewe si mtu. Akamgeukia Mama, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba anataka jambo moja tu. Nipande dunguni, nipaze sauti bonde zima lisikie: Mimi Skola ni mwongo. Mama alikuwa mama mpole na aliyechoka. Akanishika bega, akasema, "Sema tu, mwanangu, yaishe."

Mimi sikutaka yaishe. Nilikuwa mtoto, lakini sikuwa mjinga. Jina likishatangazwa dunguni halifutiki. Ningekuwa Skola Mwongo shuleni, kisimani, mpaka siku ya kuolewa. Tena baya zaidi, hata kama ningepiga yowe kwamba kiboko yuko mlangoni, nani angegeuza shingo? Walikuwa wananidai sauti yangu, kitu pekee ambacho nilikuwa nacho na hakikuwa kimerithiwa kutoka kwa dada wala binamu. Na kwa kosa gani? Sikumwibia mtu. Nilipanda ngazi huku nalia kwa hasira, na Baba Mdogo amesimama chini mikono kiunoni.

"Mimi Skola!" nilianza. Hoyaa zikapungua, maana bonde lilijua mkutano ule ni wa nini. Nikavuta pumzi. Jua liko utosini, mchana kweupe, nikapaza sauti yote niliyopewa na Mungu: "Hadithi, hadithi!"

Nikajishika nyuma, kweli kabisa, kuangalia kama mkia umeanza. Kisha ile kengele ya kanisa ikalia kutoka dungu la pili, "Hadithi njooo!" Na dungu la mbele yake, na la mbele yake, wakubwa kwa wadogo, "Uongo njoo! Utamu koleaaa!" Nikamtazama Baba Mdogo kutoka juu. "Umesikia? Uongo wameuita wenyewe!"

Nikawapa. Nikawaambia kwamba siku mwanamume mmoja alipokwenda kumtafuta Bi Sikujua, Bi Sikujua alikuwa ameketi pembeni yake kwenye pantoni, na kitenge chake cha kijani. Maji yalipoichezesha pantoni alimsaidia hata kumshika jogoo, naye akashukuru, akashuka, akaenda kumtafuta mbali. Bonde zima lilicheka. Na bonde zima likiwa linacheka, hakuna aliyekuwa anapiga hoyaa, kwelea kwelea wakashuka wakala watakavyo. Jioni nilichapwa. Lakini nilichapwa kwa ajili ya mpunga, si kwa ajili ya uongo, na hiyo tofauti naijua mpaka leo.

Sasa pantoni haipo, kuna daraja, na habari zinapita kwenye simu bila kumkausha mtu koo. Naandika katika chumba kimoja mjini Ifakara, bajaji zinanguruma dirishani kutwa. Jirani anadhani natayarisha ripoti. Ndugu zangu wanauliza lini nitatafuta kazi ya maana, na wapo wasomi wanaoniambia kwamba nchi inahitaji ukweli, si mambo ya kubuni. Ukweli upi? Mimi ukweli wa bonde lile nimeusema mchana kweupe, tena kwa kuitikiwa. Kila siku nasimulia hadithi jua likiwaka, na mkia sijauona. Atakaye niseme mimi ni mwongo na aje na ngazi yake apande aseme mwenyewe.

Baba Mdogo Kalisti bado yupo, macho yamefifia. Majuzi nilimpelekea kitabu changu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ndefu, akakipapasa kitabu, kisha akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu miaka yote hiyo. "Skola, siku ile kwenye pantoni kulikuwa na mama mmoja, kitenge cha kijani. Alinishikia jogoo. Wewe nani alikuambia?"

Nikamjibu kwa heshima zote.

"Sikujua, Baba Mdogo."