Wanawake wa Benchi la Nyuma

Wifi yangu alijifungulia ukingoni mwa mto. Ilikuwa masika, mvua ya milimani kwetu huku Iringa ikinyesha bila kupumua, na daraja letu la magogo lilikuwa limesombwa tena. Zahanati iko ng'ambo. Bati lake tulikuwa tunaliona. Wanaume waliombeba kwenye machela ya blanketi wakakwama pale pale. Sisi wanawake tukamzungushia khanga. Mtoto alilia, mama akapona, Mungu mkubwa.

Diwani wetu hakuwa mtu mbaya. Ni kijana wa hapa hapa, tulimchagua kwa vigelegele. Kila tulipomuuliza habari za daraja kwenye mkutano wa kijiji alijibu, "Liko kwenye mchakato, mama zangu." Tunapiga makofi, tunarudi kwenye njegere zetu.

Wifi ndiye aliyeuliza siku moja kwenye kikundi chetu cha kusaidiana, mtoto akinyonya, "Hivi huko kwenye baraza la madiwani, huwa anasema nini juu yetu?"

Hakuna aliyejua. Tulipomuuliza mwenyekiti wa kijiji, akasema mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia kusikiliza, mradi anyamaze. "Ila sijaona mtu akienda," akaongeza.

"Basi sisi tutakwenda," wifi akasema.

Mume wangu alicheka. "Mnakwenda kukaa kimya? Kimya kitajenga daraja?" Nilivaa sweta na mabuti, tukapanda lori la mbao hadi makao makuu ya wilaya.

Mlinzi alituzuia mlangoni. "Mna shida gani?"

"Hatuna shida. Tumekuja kusikiliza kikao."

Akamwita ofisa. Ofisa akatazama mabuti yetu, akasema, "Ni haki yao. Wafute matope tu, waingie." Tukakaa benchi la nyuma kabisa. Diwani wetu alipoingia akatuona, akaja mbio kutusalimu kikwetu.

"Kamwene, mama zangu. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, mwanetu," nikamjibu. "Tumekuja kukusikia ukitusemea."

Siku hiyo hakusema neno hata moja. Wenzake walizungumzia barabara zao na shule zao. Yeye alinyoosha mkono tu walipopitisha hoja. Nje alitufuata, uso umekunjamana. "Mngenipigia simu. Mmeniaibisha mbele ya wenzangu."

"Hatujakuaibisha," wifi akasema kwa upole. "Kikao kijacho ni lini?"

Akataja. Wifi, mtoto akiwa mgongoni, akasema, "Haya, tutaonana. Ila kabla ya hapo njoo mtoni, nikuonyeshe nilipomzalia huyu."

Sikutegemea, lakini alikuja. Wifi akamwonyesha jiwe alilokuwa ameliegemea. Siku hiyo lile neno la mchakato hatukulisikia. Mwishowe akauliza kama anaweza kumbeba mtoto.

Kikao kilichofuata benchi halikututosha. Walikuja wanawake wa ng'ambo ya mto na wanaume kadhaa, mume wangu akiwa mmoja wao, katulia kama yuko kanisani. Diwani wetu alinyanyuka.

"Mheshimiwa mwenyekiti, wananchi wangu wamekaa pale nyuma. Mmoja wao alijifungulia kwenye matope akiiona zahanati. Naomba mhandisi atujibu leo, nao wasikie."

Kadiri alivyosema sauti ilikaza. Hatukuruhusiwa kupiga makofi, kwa hiyo niliushika mkono wa wifi nikaubana. Nilijivunia sisi, na nilimjivunia yeye pia. Tangu tumchague, hiyo ndiyo siku niliyomwona ni diwani.

Daraja halikuja kesho yake. Tulirudi kikao baada ya kikao, tukasikia mpango ukiahirishwa, tukarudi tena. Mhandisi alipofika kupima, kijiji kizima kilisomba mawe na mchanga. Sasa limesimama, la zege, fupi, halina uzuri wowote, na magari ya njegere yanapita juu yake kwenda sokoni mjini.

Siku ya kulifungua diwani alianza hotuba yake, "Nimewaletea daraja..."

"Sema tumeleteana!" mama mmoja akapaza sauti. Watu wakaangua kicheko, naye akacheka, akarekebisha. "Kweli mama. Tumeleteana."

Hatukuacha kwenda. Tunapokezana, na sasa tunafuatilia zahanati, maana bado ina muuguzi mmoja. Diwani siku hizi hupiga simu mwenyewe kuuliza nani anakuja, na tusipojaza benchi hulalamika.

Kikao kilichopita niliwakuta wanawake wa kata nyingine wamesimama mlangoni, wanasitasita, viatu wamevishika mkononi. Mmoja aliniuliza kwa kunong'ona, "Dada, nyie nani amewapa kibali?"

"Hatujapewa na mtu," nikamwambia. "Hapa ni kwetu. Vaa viatu vyako, uingie."

Kwenye benchi nikasogea, akakaa.