Nilimchongea Penseli, Nikamwambia Afeli

Nimekosa. Sitaki pole ya mtu, maana hasira niliyonayo ni ya kujikasirikia mwenyewe.

Kaka yangu mkubwa anaishi Newala, mimi nipo Lupaso. Kwetu neno la mjomba kwa watoto wa dada yake likishatoka limetoka. Basi mwanangu Zuhura alipofika darasa la saba, tena akiongoza darasa, kaka akaja na neno lake: "Akifaulu ataenda sekondari huko mbali, atarudi na mimba. Na korosho ataokota nani? Mwambie afeli."

Mwambie afeli! Na mimi mama mzima, mwenye mdomo wa kugombana sokoni mpaka watu wanajaa, nikajibu, "Sawa, kaka."

Asubuhi ya mtihani nilimchongea penseli kwa mkono wangu. Nikamwambia, "Swali unalolijua, siliba kiduara cha jibu lingine." Akanitazama. "Yote, mama?" Nikasema yote.

Akafeli kama nilivyomtuma. Mwalimu wake akaja nyumbani kuuliza kama mtoto aliumwa siku ile. Nikamjibu, "Ndio uwezo wake, mwalimu." Zuhura yuko pale pale anaanika muhogo, anasikia!

Sasa ni miaka saba. Mwenzake aliyekuwa akiazima daftari lake anasomea uuguzi. Wangu anauza vitumbua hapa hapa Lupaso. Ukimuuliza leo tupike nini, jibu lake ni moja: "Utakavyo, mama." Nguo ya sikukuu, utakavyo. Kila kitu utakavyo!

Mwezi uliopita, kwenye harusi, nikamsikia kaka anawaambia watu, "Huyu mtoto wa dada yangu kichwa kizito, alifeli la saba." Damu ikanichemka! Nikamvaa mbele za watu: "Si wewe uliyesema afeli?" Akacheka. "Siku ya mtihani mimi nilikuwa Newala, Mama Zuhura. Penseli nani alimpa?"

Mshenzi yule! Lakini alisema kweli. Miaka yote nimejificha nyuma ya jina lake. Hakunishikia panga. Ningekataa angenuna, labda asingekanyaga kwangu mwaka mzima, basi. Nilimpoteza mtoto kwa kuogopa kununiwa!

Wiki iliyopita akaja mchumba, fundi pikipiki wa Masasi mjini. Kaka kashamkubali. Nikamwita mwanangu, nikamwambia safari hii achague mwenyewe, na akikataa nitasimama naye hata mjomba wake apasuke. Akapangusa mikono kwenye kanga, akaniuliza taratibu, hata hasira hana: "Mama, nisilibe jibu lipi?"

Nyie wenzangu mnaopenda kusema "nilitumwa", acheni! Mtoto ataisikia sauti yako, si ya aliyekutuma. Mimi nilitaka mtoto msikivu, na sasa ninaye.