Malimau ya Gauni Jeupe

Juzi mwanangu alikuwa akijisomea kemia mezani, kwa sauti. Asidi ya sitriki, akasoma, ni asidi hafifu ipatikanayo katika malimau, ndimu, machungwa na hata nyanya. Viwandani hutengenezwa kwa kulisha ukungu sukari. Hutiwa katika soda na jemu ili kuleta ukali na kuzuia kuharibika. Alipofika mahali pasemapo kwamba hushikana na chuma kilichomo ndani ya kutu na kukiyeyusha, nilimwomba asimame kidogo. Mawazo yangu yalikuwa yamekwisha kufika Mabawe.

Nililelewa kule na bibi, katika nyumba iliyozungukwa na migomba mpaka dirishani. Ungefika asubuhi, msomaji wangu, ungepokewa na harufu ya maharage yakitokota na sauti ya ufagio wa bibi uani. Malimau hatukuwa nayo. Mti wake ulikuwa mmoja tu pale karibu, kwa mama tuliyepakana naye, na kila mwenye mafua au mwenye samaki wa kuondoa shombo alipita kwake.

Mwaka wangu wa Komunyo ya Kwanza, mama huyo alituazima gauni jeupe alilowahi kulivaa binti yake. Bibi alilifua kwa sabuni ya mche, na kwa kuwa kamba ilijaa mablanketi, akalitundika juu ya waya wa uzio. Manyunyu yakapita. Tulipolianua, mstari wa kutu ulikuwa umelikata kifuani, bega hadi bega.

Bibi alisugua mpaka vidole vikamwiva. Doa halikutikisika. Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akaniambia kwa Kihangaza, maana Kiswahili alikiweka kwa ajili ya soko na ofisi: "Nenda kaombe malimau. Ukiulizwa, sema bibi ana mafua." Nilielewa kilichomtesa. Gauni halikuwa letu, Jumapili ilikuwa keshokutwa, na malimau yalikuwa kwa mwenye gauni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bibi hajambo?"

"Ana mafua. Anaomba malimau."

"Mafua! Si huyu niliyemsikia asubuhi akifokea mbuzi wake, mpaka wa kwangu nao wakatubu?"

Alinichumia malimau, akanijaza sketi. Kisha akaingia ndani, akatoka na chumvi katika kipande cha jani la mgomba. "Mpelekee na hii. Mwambie mafua ya gauni hayaponi bila chumvi na jua kali."

Alikuwa ameona tangu mwanzo. Uzio ule ulikuwa wa nyumba zote mbili.

Bibi alipoupata ujumbe aliziba uso kwa khanga, na sikujua kama analia, hadi nilipoona mabega yakimtikisika kwa kicheko. Tukakamua, tukapaka chumvi, tukaanika, tukarudia. Kufikia Jumamosi alasiri mstari ulikuwa umefifia, halafu haukuonekana tena. Ikabaki harufu. Kanisani msichana niliyekaa naye alininong'oneza, "Unanuka kama chai ya mgonjwa." Hata hivyo, nilikuwa nimevaa nyeupe kama wenzangu.

Baada ya misa nilivuliwa gauni kabla ya wali, lisije likadondokewa mchuzi. Bibi alilifua tena, akalirudisha mwenyewe. Mama yule hakulikunjua kulikagua. "Mwakani litavaliwa kwa fundi seremala," alisema, "na mkewe ana waya mrefu kuliko wako." Wakacheka, wakakaa kuzungumza hadi mbuzi wakarudi.

Wote wawili wametangulia. Mwaka jana nilikwenda Mabawe kwa Komunyo ya mtoto wa kaka yangu. Kila msichana alikuwa na gauni lake jipya, bado lina mikunjo ya mfuko wa dukani. Walipendeza, sitadanganya. Jioni, wageni walipopungua, nilijikuta nikiitazama njia ya kwa jirani, nikingoja nione mtu anakuja na nguo iliyokunjwa mikononi. Hakuna aliyekuwa na kitu cha kurudisha.