Mama Halima na wimbo wa Krismasi wa marehemu mama

Jamani, leo Mama Halima muuza maziwa kaniliza sokoni Garsen. Kwa wimbo wa Krismasi!

Nilikuwa nangoja anipimie, huku naimba chinichini wimbo aliouimba marehemu mama kule Kulesa, akitwanga mpunga wa sikukuu.

Ubeti wa pili ukanipotea.

Mama Halima akauendeleza. Muislamu, Muorma, na anaimba Kipokomo chetu neno kwa neno!

"Mama, huu wa kanisani umeujulia wapi?"

"Kambini, wakati wa mafuriko. Kulikuwa na mama mmoja, yeye atwanga, mimi napepeta. Alikuwa haachi kuimba."

Akaurudia. Katikati ya mstari akanyamaza kidogo, kisha akaendelea.

Sasa nyie, kwaya hainyamazi pale. Hakuna anyamazaye pale.

Ila mama yangu. Akifika hapo alichota mchele kiganjani, akapuliza pumba, aone kama umetakata.

Soko lote likaniyeyukia. Nikausikia mchi.

"Mbona umenyamaza hapo?"

Akanishangaa. "Si ndivyo wimbo ulivyo, mwanangu?"

Wanakwaya wenzangu, Krismasi tukifika pale nitanyamaza. Msinikanyage mguu mkidhani nimesahau.