Himaya Iliyovunjikia Sugar Land

Sikwenda Houston kutalii. Nilikwenda kwa sababu Baba Inosenti alikuja sebuleni kwa binti yangu, Fort Worth, akakaa pembeni ya kochi na fulana yake ya kazi ya ghalani, akaniambia, "Mwalimu, kwaya yangu inakufa, na Jumamosi ndiyo harusi ya Diane."

Niwaeleze nyie mliobaki Morogoro, mnaodhani nilikuwa Texas nakula nyama tu. Ilikuwa mwaka 2019. Nilikuwa nimeshastaafu kufundisha historia, nikaja kumsaidia mwanangu Neema aliyejifungua. Jumapili akanipeleka kanisani, nikakuta kwaya ya Kiswahili: Warundi, Wakongo, Wakenya, na Mtanzania mmoja, Salum, kijana wa chuo, Mwislamu, anayewapigia kinanda kwa sababu humo hakuna Mkatoliki anayekijua. Baba Inosenti, Mrundi, ndiye mwanzilishi. Mkewe alifia kambini Kigoma, naye akaja Marekani na Diane peke yake, mtoto hajaanza hata shule. Akina mama wa kwaya ndio waliomlea. Sasa Diane alikuwa muuguzi Houston, anaolewa hukohuko, na aliomba kitu kimoja tu: aingie kanisani kwaya nzima ikimwimbia.

Kwaya yenyewe ilikuwa imenuniana mwezi mzima juu ya wimbo wa kumwingiza bibi harusi. Warundi wanataka wa Kirundi, Wakongo wanataka wao, Wakenya wao.

"Nikiwaacha waje kila mtu na gari lake, zitafika kwaya tatu," Baba Inosenti alisema. "Nimekodi vani moja, nitaendesha mwenyewe. Wewe Mwalimu kaa mbele, uwatulize."

Mimi kutuliza watu! Miaka yote nimetuliza kidato cha tatu kwa kuwatisha na mtihani. Lakini mzee alikuwa na macho mekundu, nikashindwa kukataa.

Jumamosi asubuhi, Fort Worth. Waliingia kwenye vani wakajipanga kwa mataifa bila kuambiwa na mtu. Wakongo nyuma kabisa, chini ya uongozi wa Mama Solange, mfanyakazi wa hoteli mwenye sauti ya kuamsha wageni wote wa ghorofa tatu, akiwa amepakata sufuria ya pondu, kisamvu cha kwao. Katikati Wakenya. Kiongozi wao, Njoroge, alikaa karibu yetu na simu ya ramani, kwa kuwa ndiye aliyewahi kuishi Houston. Warundi nyuma ya dereva. Salum hakudaiwa na taifa lolote, akabanwa mlangoni amekumbatia kinanda chake.

Barabara ya 287, kuelekea Corsicana. Kimya. Kimya kile cha msibani, ila msibani angalau watu hupeana karanga. Nikaona sasa ndipo pa kuifanya kazi niliyoletewa.

"Wanangu," nikasema, "Ulaya kulikuwa na himaya inaitwa Austria-Hungaria. Mataifa zaidi ya kumi chini ya Kaizari mmoja mzee. Jeshini askari walizungumza lugha chungu nzima, wakafundishwa maneno machache ya amri kwa Kijerumani, basi, wakaenda hivyohivyo. Ilidumu mpaka kila taifa lilipoanza kusema na mimi nataka changu."

Nilipaswa kuishia hapo. Lakini mwalimu ni mwalimu. Darasani kwangu somo hili nilikuwa nalifundisha kwa kugawa vyeo, ili likae kichwani. Nikageuka kwenye kiti, nikanyoosha kidole: Baba Inosenti, mwenye usukani, ndiye Kaizari. Mama Solange, Hungaria. Njoroge, Wacheki.

"Na mimi, Mwalimu?" Salum akauliza.

"Wewe Bosnia. Kulikuwa na Waislamu huko."

"Bosnia ilijiunga lini?"

"Haikujiunga. Ilichukuliwa tu, wala haikuulizwa."

Salum akakitazama kinanda chake. "Hapo umepatia, Mwalimu."

Watu wakacheka, nikajisifu moyoni. Kumbe najichimbia kaburi.

Corsicana, tulipokunja kushika barabara ya 45. Sauti ikatoka nyuma. "Mwalimu, Hungaria walipewa nini?"

"Walipewa bunge lao na serikali yao, nusu ya himaya."

"Na Kaizari aliitika?"

"Aliitika. Alikuwa ametoka kushindwa vita."

"Voilà!" Mama Solange akapiga kifuniko cha sufuria. "Baba Inosenti, umesikia? Sisi tuko wengi, na njo sisi tunapikaka. Tunataka ya kwetu. Wimbo yetu, mazoezi yetu, na kinanda yetu."

"Kinanda changu," Salum akasema. Hakuna aliyemsikiliza, Bosnia ya watu.

"Na Wacheki nao?" Njoroge akauliza.

"Waliomba vilevile, wakanyimwa."

"Wee! Kwa nini?"

Ningedanganya. Ningesema sijui. "Wahungaria walipinga," nikasema.

Njoroge akageuka mzimamzima. "Mama Solange, si huo ni uchoyo sasa!"

"Apana, mon cher, hiyo ni historia!"

Huntsville, penye sanamu jeupe la mzee mrefu kuliko miti, himaya ilikuwa imeshachafuka. Nyuma wanaimba wimbo wa Kikongo, katikati wa Kikenya, Warundi wa Kirundi, zote kwa pamoja na madirisha yamefungwa. Baba Inosenti alikuwa akitoa jasho na kipupwe kinapuliza. "Mana yanje," alinong'ona kwa Kirundi, akimwita Mungu wake. "Mwalimu, maliza hiyo hadithi. Labda mwishoni wanapatana."

Hawakupatana, nyie mnajua. Lakini nilidhani mwisho wenyewe utawatisha.

Houston, barabara ya 59. Nikafika kwa mrithi wa Kaizari aliyekwenda Sarajevo na kuponea bomu asubuhi. Wakubwa wakakubaliana kubadili njia, ila hakuna aliyekumbuka kumwambia dereva. Dereva akakata kona isiyo yenyewe, akasimama arudi nyuma, na pale aliposimama, mwenye bastola ndipo alipokuwa, akamuua mrithi.

Waliokuwa wakiimba wakasogeza vichwa mbele kusikiliza.

"Masikini dereva," Baba Inosenti akasema. Alikuwa ameguswa kabisa. "Hakuna hata mmoja aliyemwambia?"

"Hata mmoja."

"Na sisi tunaiacha wapi barabara hii?" akauliza. "Mbona sioni Sharpstown, penye kanisa? Njoroge?"

Njoroge alikuwa amekunja mikono, simu iko mfukoni. "Mimi ni Wacheki," akasema. "Tulinyimwa bunge, mimi sisomi ramani. Wacha Kaizari ajipange."

Sharpstown tulikuwa tumeipita zamani.

Sugar Land. Tulitokea kwenye mji wa nyasi zilizonyolewa na nyumba zinazofanana, tukasimama kwenye maegesho ya duka kubwa. Saa nane, saa ya misa, ilikuwa imewadia. Kila mtu akamlaumu mwenzake, kisha wote wakanilaumu mimi, na hapo kwa mara ya kwanza walikuwa kitu kimoja. Haikuchukua muda. Mama Solange akashuka na sufuria yake, Wakongo wote wakamfuata wakasimama kwenye majani. Njoroge akashusha Wakenya akaanza kuita teksi kwa simu. Wanawake wawili waliokuwa wakisukuma vitoroli vya manunuzi wakasimama kutazama himaya ikigawanyika katikati ya magari.

Simu ya Baba Inosenti ikalia. Akaweka sauti ya nje, wote tusikie.

"Baba, mko wapi? Father anasema ana misa nyingine. Nimemwambia siingii."

"Ingia, mwanangu."

"No. Mama Solange yuko hapo? Uncle Njoroge? Siingii mpaka waje, Baba. I'm serious." Akaanza kulia, simu ikakatika.

Baba Inosenti akashuka. Mtu mwenyewe mfupi, suti imemzidi mabega. Hakupiga kelele.

"Mama Solange," akasema, "siku ya kwanza ya shule, nani alimsuka Diane? Mimi nilijua kusuka? Njoroge, homa ile ya usiku kucha, nani alitupeleka hospitali, mimi sijui hata kusema kikohozi kwa Kiingereza? Sikuanzisha kwaya niwatawale. Nilikuwa na mtoto, sina mke, niliogopa. Sasa mniambie, nimpigie nimwambie nini? Kwamba Hungaria imejitenga?"

Mama Solange alitazama chini. Kamasi zilianza kumtoka. Kisha akapanda vani na sufuria yake, na wote wakapanda. Njoroge akatoa simu mfukoni. "Toka hapa, shika kushoto," akasema. "Halafu nisikilize mimi, usimsikilize Mwalimu."

Sharpstown, kanisani. Diane alikuwa nje ya mlango, kwenye jua lile, shela mkononi, bwana harusi kando anampepea kwa karatasi ya nyimbo. Tulishuka mbio. Salum akakosa pa kuchomeka kinanda. Tukasimama mlangoni tukatazamana, kwa sababu katika mbio zote zile hakuna aliyesema wimbo ni upi.

Ndipo Mama Solange alipoanza. Alianza wa Kirundi. Kirundi chake, Mungu amsamehe, kilikuwa kibaya kuliko chochote nilichowahi kusikia, hata mimi nisiyekijua nilikiona kinachechemea. Warundi wakamdaka haraka kabla hajakiua. Wakongo wenzake wakaingia, Njoroge na Wakenya wakaingia na besi, Salum akapiga makofi kwa kuwa hana umeme. Baba Inosenti akamshika mwanawe mkono, akalia hadharani, tena kwa sauti, na mimi nikalia naye.

Jumapili, kurudi. Vani ilikuwa inanuka pondu na maua yaliyonyauka. Waliokaa nyuma wamelala juu ya waliokaa katikati, sikujua tena nani wa wapi. Nilichojifunza safari hii ni kwamba usigawe vyeo kwa watu wenye njaa mkiwa ndani ya gari moja.

Tulipoacha Huntsville nyuma, Mama Solange akaamka. "Mwalimu, hukumaliza. Ile himaya, kisha dereva kupotea, ilikuwa je?"

Naijua kama sala. Vita, miaka minne, njaa mijini, kila taifa likaondoka na kipande chake, na Hungaria iliyodai kikubwa ikabaki na kidogo. Nimeisahihisha kwenye mitihani isiyohesabika. Baba Inosenti alinitazama mara moja, akarudisha macho barabarani.

"Nimesahau," nikasema.

"Afadhali," Mama Solange akajibu, akalala tena.

Njoroge akainua simu. "Kaizari, jiandae kushika kulia," akasema. "Corsicana ikifika nitakuambia."