Vipimo vya Suti ya Mzee wa Kanisa

Tangu binti yetu Neema azaliwe, mimi na mke wangu tumegawana kazi: yeye ananyonyesha, mimi nampigapiga mtoto mgongoni mpaka acheue. Nilijisifu kwa wanaume wenzangu kwamba kazi hiyo ni nyepesi. Sasa ni wiki ya tatu sijalala vizuri.

Juzi mzee wa kanisa alikuja kwangu, hapa kambini Dzaleka, nimshonee suti ya kuvaa kwenye harusi ya binti yake. Nilisimama nyuma yake nimpime mabega, macho yakajifumba yenyewe. Mkono ukaanza kumpigapiga mgongoni.

"Toa kamoja tu, mama, njo ulale," nikambembeleza.

Wateja kwenye benchi wakainua vichwa. Mzee akageuka taratibu.

"Fundi," akasema, "mi sijanyonya."